Magunia Matatu ya Mbegu Safi

Jani la kwanza Domisiana aliliona asubuhi moja ya mwezi wa nne, mwaka 1978, akiwa ameinama anapalilia soya katika shamba la kijiji. Lilikuwa jani la juu kabisa, lile linalopigwa na jua kuliko mengine, na badala ya ukijani lilikuwa limeingiwa na rangi ya zambarau iliyochanganyika na kahawia. Alilishika. Lilikuwa limekakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Akatazama mche wa pili, kisha wa tatu. Mstari mzima ulikuwa hivyo huko juu, na majani ya chini yote mazima, mabichi, hayana neno.

"Ildefonsa, njoo uone," alimwita jirani yake aliyekuwa mstari wa pili.

Ildefonsa alikuja, akatazama, akajikuna shavu kwa mkono wenye udongo. "Jua limeyachoma."

"Jua gani? Wiki tatu hizi mvua haijakatika."

"Basi ni baridi."

Domisiana hakujua ni nini, ila alijua si jua wala si baridi.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mama wa Niragira, Mhangaza wa Mugoma wilayani Ngara kwa baba na kwa mama. Miaka minne nyuma, wakati wa operesheni ya vijiji, yeye na mumewe Audax walibomoa nyumba yao ya mlimani, wakabeba nguzo na mlango hadi Nyakiyove, kijiji kipya kilichopangwa kwa mistari kando ya barabara. Katika kuhama kule chungu kilivunjika, kuku wawili walipotea, lakini vibuyu vyake vya mbegu alivibeba mwenyewe kichwani, safari tatu, na hakuna hata punje ya ulezi iliyomwagika. Watu waliliona hilo. Ndiyo maana soya zilipoletwa kijijini, ikaulizwa ni nani wa kuzitunza na kushika ufunguo wa ghala, hakuna aliyetaja jina lingine.

Soya zilikuwa kitu kigeni. Masista wa zahanati waliwafundisha akina mama kuzikaanga, kuzisaga na kuchanganya unga wake na wa mtama, wapate uji wa watoto waliovimba miguu na nywele zao kugeuka nyekundu. Mtoto wa mwisho wa Ildefonsa alikuwa mmoja wao. Domisiana alimwona akiwa amelala tu, hataki hata kulia, na baada ya miezi miwili ya uji ule alimwona akimfukuza jogoo. Tangu siku hiyo hakupenda kusikia mtu akiziita soya chakula cha wazungu.

Jioni alikwenda ofisini kwa katibu wa kijiji, kijana wa miaka ishirini na tisa aliyeitwa Novatus.

"Shikamoo, mama," Novatus alisema, akiinuka kidogo kitini.

"Marahaba. Ndugu Katibu, soya zinaumwa." Akamwekea majani matatu mezani.

Novatus aliyageuza. Hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi hadi macho yakawa mekundu, na aliwaogopa wakubwa wa wilayani kuliko ugonjwa wowote. "Mama Niragira, si ndiyo zinakomaa? Hata kahawa ikiiva hugeuka."

"Kahawa hugeuka tunda. Haigeuki jani."

"Nitamwambia Bwana Shamba," alisema, akaandika kitu katika daftari lake. Wiki zilipita, Bwana Shamba hakuonekana. Domisiana alipouliza, aliambiwa kuwa taarifa imeandikwa. Alipouliza kama imepelekwa, Novatus alimtazama kana kwamba ameulizwa jambo la aibu.

Mwishoni mwa mwezi wa sita walivuna. Walianika mashina katika ua wa ghala, wakayapura kwa fimbo, na Domisiana akachukua ungo wa kwanza akaanza kupeta. Makapi yaliporuka na upepo, akaona kile alichokuwa anakiogopa bila kukijua. Kati ya mbegu nyeupe zenye umanjano kulikuwa na nyingine zenye doa la zambarau, kana kwamba mtu amedondoshea wino. Doa lilianzia pale kwenye kitovu cha mbegu, mahali inaposhikana na ganda, kisha likatambaa. Kuna zilizopakwa nusu, kuna zilizopakwa nzima, na baadhi ngozi yake ilikuwa imepasuka nyufa ndogondogo. Aliteka konzi moja akahesabu. Katika kila tatu, moja ilikuwa na doa.

Novatus alipita, akachota chache, akatabasamu. "Zimependeza! Labda ni aina mpya."

"Aina mpya haianzi na nyufa," Domisiana alisema.

Ildefonsa alicheka. Domisiana hakucheka. Kesho yake alifunga konzi ya mbegu katika pindo la kitenge, akatembea hadi Ngara mjini kumtafuta Bwana Shamba mwenyewe. Hakumkuta. Alikwenda tena baada ya wiki mbili, akaambiwa yuko Rulenge. Mara ya tatu alimkuta mlangoni mwa ofisi, mtu mrefu mwembamba aitwaye Xavery, akihangaika na mnyororo wa baiskeli kwa sababu pikipiki ya serikali haikuwa na petroli tangu Mei. Alilifungua fundo la kitenge, na Xavery akaacha mnyororo.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Nyakiyove. Nimekuja hapa mara tatu."

"Sikuambiwa," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nakuja keshokutwa."

Alikuja kweli, amelowa jasho. Walisimama shambani wawili, mashina makavu yaliyotupwa huko baada ya kupurwa yakiwa yametapakaa kila mahali.

"Huu ni ukungu, mama," Xavery alisema. "Si ule wa asubuhi. Ni ukungu kama unaoota kwenye mkate wa zamani, ila huu unakula mmea. Ukipanda mbegu yenye doa, unaupanda pamoja nayo. Mche ukiota nao umo. Halafu unatoa vumbi dogo kuliko unga, hulioni kwa macho. Upepo unalibeba, matone ya mvua yanalirusha, linatua kwenye jani la jirani."

"Mbona majani yalikaa mazima hadi mwezi wa nne?"

"Ukungu umekuwa ndani siku zote, umetulia. Unangoja maua yatoke na maganda yaanze kujaa. Mvua ikishikilia wakati huo, majani ya juu ndiyo yanageuka, na ukungu unapenya ganda, unaifuata mbegu hadi kitovuni. Huko ndiko unakohifadhiwa hadi msimu ujao." Aliokota shina kavu akalivunja. "Na humu pia. Haya mabua mliyoyaacha ndiyo nyumba yake ya kiangazi."

Domisiana alihisi nafuu, ile ya mtu aliyethibitishiwa kwamba hakuwa anaota. "Tufanye nini?"

"Chambueni mbegu, moja moja. Zenye madoa pikeni, hazina sumu. Safi ndizo zipandwe. Mabua yafukieni chini sana. Na hapa msipande soya miaka miwili, pandeni mahindi au mtama. Ukungu huu haujui kula mahindi."

Yote hayo Domisiana aliyafikisha kwenye kamati ya kijiji, neno kwa neno. Wanaume saba walimsikiliza. Kuhusu kuchambua walikubali, kwa kuwa ilikuwa kazi ya wanawake. Kuhusu mabua walisema watatafuta siku. Kuhusu kuhamisha soya walikataa katakata.

"Kibao je?" mwenyekiti aliuliza. Kando ya barabara kulikuwa na kibao kilichopakwa rangi kikisema shamba la soya la kijiji cha Nyakiyove. Wageni wa wilayani walikuwa wameahidi kuja kuliona mwakani.

"Kibao kinang'oka," Domisiana alisema. "Kina nguzo mbili tu."

Mwenyekiti alimtolea macho, na akajua amesema vibaya. Nyumbani Audax, aliyesikia habari kabla hajafika, alimkaribisha kwa kigoda na maji ya kunywa.

"Mama Niragira, umewaambia. Sasa waachie."

"Wakiharibu nitawaachia?"

"Shamba ni lao wote."

"Ni langu pia. Si ndivyo walivyotuambia tulipobomoa nyumba?"

Audax alikuwa mtu wa amani, na siku nyingine amani yake ilimchosha mkewe kuliko ugomvi.

Wanawake wanane walichambua kwa siku tisa, miguu imenyooshwa, ungo mapajani. Macho yaliwauma. Mwishowe yalipatikana magunia matatu ya mbegu safi, na moja na nusu la zenye madoa. Ndipo Novatus akaja na jambo lingine. Taarifa aliyopeleka wilayani ilisema mbegu za magunia manne na nusu. Alitaka zichanganywe tena, zote zihesabike mbegu.

Domisiana hakubishana. Alichukua tenga bovu, akalijaza udongo, akaligawa katikati kwa kijiti. Upande mmoja alifukia mbegu thelathini safi, upande wa pili thelathini zenye madoa, akawa anamwagilia kila asubuhi. Siku ya kumi na mbili alilibeba tenga hadi ofisini, akalitua juu ya meza, juu ya karatasi.

"Hesabu, Ndugu Katibu."

Novatus alihesabu. Upande wa safi zilikuwa zimeota ishirini na saba. Upande wa madoa kumi na moja, na katika hizo, nne majani yake mawili ya kwanza, yale manene, yalikuwa yamejikunja, yamegeuka rangi ya bilinganya, yanadondoka. Alihesabu tena. Kisha akapangusa udongo uliomwagikia karatasi zake.

"Sawa," alisema hatimaye. "Zisichanganywe."

Ulikuwa ushindi mdogo, na ndio pekee alioupata. Alirudi nyumbani akiimba wimbo wa kanisani, hata Audax akashangaa.

Mwisho wa mwezi wa kumi redio ikatangaza vita. Majeshi ya Uganda yalikuwa yamevuka mpaka na kuingia Kagera, kaskazini mwa mkoa wao, mkoa ambao wakati huo bado uliitwa Ziwa Magharibi. Ndani ya siku chache mgambo waliitwa. Niragira, mtoto wa kwanza wa Domisiana, kijana wa miaka ishirini na miwili, alipanda lori na wenzake kumi na wanne, akampungia mkono mama yake kama anayekwenda mnadani. Ikasikika kuwa Xavery naye amekwenda. Alikuwa amepata mafunzo ya mgambo zamani. Baiskeli yake ilibaki imefungwa kwenye nguzo ya ofisi.

Mwezi wa kumi na moja vijiji vilichangia chakula cha askari. Watu walitoa kwa moyo. Domisiana alitoa debe la maharage na jogoo, na angetoa zaidi kama angekuwa nacho. Lori lilisimama mbele ya ghala likinguruma, watu wakiwa wamejaa, na Novatus akiwa na orodha mkononi.

"Mama Niragira, fungua. Tunatoa na soya."

Domisiana alifungua, akaelekea moja kwa moja kwenye gunia na nusu la kule pembeni. "Hizi. Zinalika kabisa, Bwana Shamba alisema. Mimi mwenyewe nimezila."

Novatus aliingiza mkono guniani, akatoa konzi, akaifungua watu wote waone. "Hizi? Zina madoa."

"Zikisagwa hazina tofauti. Yale matatu ni mbegu. Yakiondoka hatuna cha kupanda."

"Mama, mbele ya watu wote hawa unataka kijiji chetu kiwapelekee askari chakula chenye madoa? Sisi tubaki na kizuri, wao wale kibaya? Na mwanao mwenyewe yuko huko!"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa mshangao wa kweli, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Domisiana alitazama nyuso zilizomzunguka. Kulikuwa na wanawake ambao wana wao waliondoka lori moja na Niragira. Alifungua kinywa. Angeanzia wapi, kwenye vumbi lisiloonekana, kwenye kitovu cha mbegu, wakati injini inanguruma na dereva anapiga honi? Alisogea pembeni. Vijana wakabeba magunia matatu ya siku tisa za macho ya wanawake wanane, wakayarusha garini.

"Ungesemaje?" Ildefonsa alimwambia njiani. "Wangekuona huna utu."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nataka kupiga ukuta teke."

Mwezi wa kumi na mbili dereva mmoja alimwambia kuwa kule Biharamulo kuna mzee wa Kisukuma, Shibuda, analima soya. Domisiana aliamua kwenda kumwomba mbegu wabadilishane na maharage. Alipata lori hadi Lusahunga, na hapo akakwama siku mbili, kwa kuwa kila gari lililopita lilikuwa la mambo ya vita, limefunikwa turubai, halisimami. Alilala kwenye kibanda cha mama muuza chai. Biharamulo mjini alikwenda kwanza ofisi ya kilimo kuuliza mbegu, na karani akamwambia yeye ni mtu wa Ngara, arudi kwao akalete barua ya katibu wake.

Shibuda alikuwa nyumbani, akitengeneza mpini wa jembe. Alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na kibakuli.

"Mama, ningekupa bure," alisema. "Tazama lakini."

Nazo zilikuwa na madoa. Yaleyale, ya zambarau, yakianzia kitovuni.

"Za kwako ulizipata wapi?" Domisiana aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Za serikali. Mwaka ule ule, lori lile lile lililoshusha kwetu ndilo lililoendelea kwenu."

Kumbe ugonjwa ulikuja na mbegu kutoka huko zilikotoka, kidogo, punje chache ambazo hakuna aliyezitazama. Shibuda alimpikia viazi, akamsindikiza hadi barabarani. Maharage aliyoyabeba safari nzima, Domisiana alirudi nayo.

Februari 1979 kijiji kilipanda kile kilichobaki. Domisiana alishika jembe kama wengine, akadondosha mbegu zenye madoa shimo baada ya shimo, juu ya mabua ambayo hayakufukiwa kwa kuwa siku ya kuyafukia haikupatikana. Alijiona mjinga kuliko siku zote za maisha yake. Zilizoota ziliota kwa mapengo, kama mdomo wa mzee. Mwezi wa tatu mvua ilishika, mwezi wa nne majani ya juu yakageuka, safari hii si mstari mmoja bali shamba zima, hata mtu akisimama barabarani aliliona limeiva vibaya. Mengi yalidondoka kabla maganda hayajajaa. Wageni wa wilayani hawakuja. Walikuwa na vita vya kushughulikia.

Mavuno hayakujaza gunia. Mwezi wa saba mkutano wa kijiji ukaitwa, na mwenyekiti akasema inasemekana akina mama walipanda kina kirefu mno.

Domisiana alisimama. "Kina kilikuwa kimoja na cha mwaka juzi, tulipopata magunia sita. Kilichobadilika ni mbegu. Nilisema mwezi wa nne mwaka jana. Nilisema mwezi wa nane. Nilileta tenga. Katibu alihesabu kwa mkono wake." Alimgeukia. "Ndugu Novatus, hukuhesabu?"

Novatus alitazama daftari. "Nilihesabu," alisema. "Lakini ilikuwa vita, mama."

"Ugonjwa haukwenda vitani."

Watu wengine walicheka, mwenyekiti akagonga meza. Ikaamuliwa kwamba soya zimekataa udongo wa Nyakiyove. Msimu wa mvua za vuli shamba lile lingepandwa mahindi. Na kwa vile hakukuwa tena na mbegu za kutunza, Domisiana alitakiwa arudishe ufunguo wa ghala. Aliurudisha pale pale, akautupa mezani kwa kishindo kikubwa kuliko alivyokusudia.

Niragira alirudi mwezi wa tisa, amekonda, mzima. Mama yake alimlisha siku tatu kabla ya kumuuliza alichotaka kumuuliza.

"Soya mlizila?"

"Soya gani, mama? Tulikula ugali na maharage. Soya sijaziona tangu niondoke hapa."

Huenda zililiwa na kikosi kingine, Audax alisema. Jeshi ni kubwa. Huenda. Domisiana hakupata kujua, na kwa muda mrefu swali hilo lilimjia akiwa anafua au anasali.

Xavery aliporudi kazini, Januari ya mwaka 1980, alipita Nyakiyove kwa baiskeli yake. Domisiana alikuwa shambani na wenzake wakivunja mahindi, na Novatus amesimama kando ya barabara na daftari lake. Bwana Shamba alisimama kando ya barabara, akatazama mistari ile, na uso ukamchanua. Akampa Novatus mkono.

"Hongera, Ndugu Katibu! Mmebadilisha zao. Vijiji vingine vyote nilivyopita wameng'ang'ania. Hivi ndivyo nilivyoshauri."

Novatus alitazama chini, kisha akatazama juu. "Tulijitahidi," alisema.

Hindi lilikuwa mkononi mwa Domisiana. Ilimjia kulirusha. Badala yake alilitia kwenye tenga, akavuka mistari hadi pale walipokuwa.

"Shikamoo, mama," Xavery alisema kwa heshima, maana alikuwa mdogo kwake.

"Marahaba, karibu tena. Bwana Shamba, hawakubadilisha kwa ushauri. Wamebadilisha kwa kuwa soya zilikufa zote. Mbegu safi tulizichambua, zikaenda vitani, zenye madoa zikarudi ardhini. Hayo ndiyo uyaandike."

Xavery alimtazama yeye, akamtazama katibu, akaelewa. Alitoa kalamu. "Nitaandika. Na mwakani, nikipata mbegu zilizopakwa dawa, nitaleta kilo chache, uzijaribu wewe, mbali na hapa. Ila lazima zipitie kijijini. Katibu atatia saini."

"Nitalipeleka kwenye kamati," Novatus alisema.

"Kamati ile ile?" Domisiana aliuliza.

Bila kungoja jibu alirudi kwenye mstari wake. Mahindi yalikuwa mazuri, makubwa, punje zimejaa hadi nchani, wanawake wakiyasifu kwa sauti, na kila alipovunja moja alikunja uso kana kwamba limemtukana.